Roketi Huanza na Uzi: Hotuba kwa Wazazi na Wanafunzi wa Klabu ya Sayansi, Tunguu, Unguja

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Bwana Sheha, walimu wenzangu, wazazi mlioacha shughuli zenu kuja hapa jioni hii, na nyinyi wanangu mliokaa kwenye jamvi huku mbele: ahsanteni kwa kuitikia.

Nimeingia na vitu viwili mkononi. Kimoja ni uzi, huu wa kawaida wa kushonea, nimeukata pima moja na nusu. Cha pili ni roketi. Naona macho yote yamekimbilia roketi, na siwalaumu, maana inapendeza. Ina urefu wa sentimita 31, na ikiwa haina injini uzito wake ni kama nusu ya yai la kuku. Imejengwa na mtoto wa kidato cha pili kwa karatasi ngumu, mti wa balsa na gundi. Lakini leo nataka tuutazame zaidi uzi.

Wiki mbili zilizopita mzazi mmoja alinifuata skuli. Hakuja kwa ugomvi, alikuja na hofu yake. Akaniuliza, "Mwalimu, ni kweli munawafundisha watoto kupiga baruti?" Nilimshukuru kwa kuuliza, na jawabu nililompa pale mlangoni lilikuwa fupi mno. Nikaona afadhali nilitoe mbele ya wote. Kazi ya roketi, wazazi wangu, sehemu yake kubwa kabisa ni mizani. Moto hauwaki hata sekunde mbili. Kabla ya sekunde mbili hizo kuna wiki tatu za kukata, kupiga msasa, kunyoosha, kupima na kungoja. Mtoto asiyeweza kungoja gundi ikauke hatumpi ufunguo wa kurushia.

Naomba nianze na hapa hapa tulipokaa. Vijana wengi wanapita Tunguu kila siku na hawajui kwamba pahala hapa paliwahi kuzungumza na mtu aliyeko angani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani waliweka vituo pande nyingi za dunia vya kufuatilia vyombo vyao vya Mercury, vya kupeleka mtu angani, na kimoja kilikuwa hapa Tunguu. Tarehe 20 Februari 1962, mwanaanga wao John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu ndani ya chombo chake, Friendship 7, alitoka juu ya Kano kule Nigeria, na kituo kilichofuata kumpokea kwa redio kilikuwa Zanzibar. Kulikuwa na daktari kituoni, kazi yake kufuatilia mapigo ya moyo wa mtu aliye angani. Safari nzima ya Glenn haikuchukua hata muda wa saa tano. Kituo kilifungwa mwaka 1964. Hakikurusha hata roketi moja, kilikuwa masikio.

Na jirani zetu wa Malindi, Kenya, wao walikuwa na jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini, linaitwa San Marco. Tarehe 12 Disemba 1970 iliruka pale satelaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kazi ya kuzitafuta nyota zinazotoa eksirei. Siku ile Kenya ilikuwa inasherehekea uhuru wake, na Marjorie Townsend, mhandisi wa Kimarekani aliyeuongoza mradi ule, akaipa satelaiti jina la Kiswahili: Uhuru. Wasichana, mumenisikia, mwanamke ndiye aliyeongoza. Walikuja huku kwetu kwa sababu dunia inavyozunguka, kasi yake ni kubwa zaidi karibu na ikweta, kwa hiyo chombo kinachorushwa kuelekea mashariki kinapata msukumo wa bure. Roketi iliyoibeba, Scout, ilitumia fueli yabisi, isiyo ya maji maji. Injini ndogo ya roketi kama hii niliyoshika ina fueli yabisi pia. Ni ndugu wa mbali, lakini ni ndugu.

Sasa nirudi kwenye hofu ya yule mzazi, maana hofu hiyo naijua kwa jina. Nilikuwa na miaka tisa au kumi, kwetu Nungwi, Idd pili. Kijana mmoja wa mtaani, amenizidi miaka mitatu, alikuwa anakwangua vichwa vya viberiti na kuvishindilia ndani ya kipande cha bomba la baiskeli. Ulikuwa mchezo wao wa kila sikukuu. Siku ile bomba lililipuka mkononi mwake. Mpaka leo mkono wake wa kulia una vidole vitatu, na ni mvuvi, anavuta kamba kwa mkono huo huo. Kila ninapofungua kabati la klabu namkumbuka. Kwa hiyo sikilizeni vizuri, wanangu, na wazazi wawe mashahidi: katika klabu hii hakuna anayetengeneza baruti, hakuna anayechanganya unga wowote, hakuna bomba la chuma. Atakayejaribu nyumbani atakuwa ametoka klabu siku hiyo hiyo, na mlangoni kwao nitabisha hodi mimi mwenyewe.

Msiba kama ule uliwakuta hata Wamarekani. Warusi walipoirusha Sputnik, satelaiti ya kwanza duniani, tarehe 4 Oktoba 1957, vijana wa Marekani waliingiwa na hamu kubwa, wakawa wanashindilia mabomba kwenye vibanda vya nyumba zao, na wako walioumia vibaya. Aliyekuwa ameshaipata njia ni mwenye duka la viatu katika mji wa Norfolk, Nebraska, jina lake Orville Carlisle. Alipenda fashifashi tangu zamani. Ndugu yake Robert alikuwa mtu wa ndege za mfano, na mwaka 1954 Orville akaunda roketi nyepesi ya karatasi, yenye injini ya kubadilisha na parachuti ya kuirudisha chini salama. Mwaka 1957 akamtumia roketi hizo Harry Stine, mhandisi aliyekuwa akifanya kazi na roketi kubwa White Sands, uwanja wa majaribio wa jeshi la Marekani. Stine aliona mara moja kwamba dawa ndiyo hii, akaandika na kanuni za usalama. Mwaka uliofuata Vernon Estes wa Colorado akaunda mashine ya kuzishindilia injini hizo moja baada ya moja, zote sawasawa.

Mniruhusu nikazie hapo. Injini inatoka kiwandani imeshafungwa. Haifunguliwi, haiongezwi kitu, inatumika mara moja tu. Mtoto anajenga kila kitu isipokuwa kile kinachoweza kumkata vidole.

Ukiifungua seti ya mwanzo hutoona kitu cha kutisha. Kuna bomba la karatasi, pua, kibao chembamba cha balsa cha kukatia mapezi, kijibomba kidogo mfano wa mrija wa kunywea soda, uzi wa lastiki, pete mbili tatu za karatasi, parachuti ya plastiki ya upana wa sentimita 30, na kichuma cha kuishika injini isitoke. Watoto wote wanataka waanze na rangi. Mimi nawaanzisha na mapezi.

Baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa kuunda vyombo. Hakuwa na ramani ya karatasi, jahazi zima lilikuwa kichwani mwake. Kabla ya kutia msumeno alikuwa anaupitisha ubao kidole gumba, taratibu, akitafuta nyuzi zake zinakwenda wapi. "Ubao una njia yake," alikuwa akisema. "Ukiukata kinyume, utakukatikia baharini." Pezi la balsa ni hivyo hivyo. Nyuzi za mti lazima zifuate ukingo wa mbele wa pezi, zitoke kwenye bomba kwenda nje. Ukizilaza sambamba na bomba, pezi litakatika kama biskuti siku ya kwanza roketi ikigusa ardhi. Jambo hilo limeandikwa kwenye maelekezo ya seti kwa mstari mmoja tu, mtu analiruka. Mimi nalifundisha kipindi kizima, na kila nikilifundisha namwona mzee wangu na kidole chake.

Baada ya kukata, msasa. Ukingo wa mbele na wa nyuma unalainishwa uwe mviringo ili upepo upite bila kugombana nao. Ukingo unaoingia kwenye bomba unaachwa bapa kabisa, kwa sababu hapo ndipo gundi itakaposhika. Halafu unachora mistari ya kubandikia, na hapa wengi wanakwama: bomba ni la mviringo, rula inateleza, penseli inakwenda kombo. Lilaze bomba kwenye pembe ya fremu ya mlango, pale ubao unapoingia ndani, kisha ifuate pembe hiyo kwa penseli. Mstari unatoka umenyooka kama uzi wa timazi.

Gundi ni ile nyeupe ya seremala. Vijana wanapenda supaglu kwa kuwa inakamata papo hapo, lakini karatasi na balsa zinataka gundi itakayoingia ndani yake. Ile ya haraka ikikauka inakuwa kama kioo, na kioo ukikigonga unajua kinavyofanya. Paka mstari mwembamba kwenye pezi, ligusishe kwenye bomba, kisha litoe. Ndiyo, litoe. Ngoja dakika moja au mbili gundi ianze kunata. Paka tena kidogo, libandike, lishike.

Napenda kusimama nyuma ya mtoto wakati huo. Ameshika pezi kwa vidole viwili, pumzi ameibana. Anafumba jicho moja na kuliangalia bomba kutokea mkiani, kama anayechungulia kisima. Pezi limelalia kushoto. Analisukuma kwa ncha ya ukucha. Limezidi kulia. Analirudisha, unywele tu. Dakika nne zinapita hakuna aliyesema neno, na mtoto mwenyewe ndiye yule ambaye darasani hatulii kitini dakika mbili. Kesho yake gundi ikishakauka anapitisha nyingine kwenye kona ya pezi na bomba, anailainisha kwa kidole mpaka inajaza kona yote. Wazee wa Nungwi mliomo humu mtasema anatia kalafati, na ndiyo hasa.

Pezi likikaa mshazari roketi itaruka, ila itazunguka kama pia, na nguvu ya kupandia itaishia kwenye kuzunguka.

Sasa uzi wangu. Roketi ikishakamilika unaitia kila kitu kitakachokuwemo siku ya kuruka: injini, parachuti, pua juu yake. Unaifunga uzi kiunoni na kuusogeza huku na huku mpaka roketi ilale sawa hewani, isiinamishe pua wala mkia. Ulipofunga, hapo ndipo uzito wake wote unapokutana. Kuna pahala pa pili ambapo macho hayapaoni: pale nguvu ya upepo inapokutana. Mapezi ndiyo yanayopavuta pahala hapo kurudi nyuma. Sheria yenyewe ni kwamba pahala pa uzito pawe mbele ya pahala pa upepo, kwa kiasi cha upana wa bomba au zaidi. Mshale umejengwa hivyo tangu enzi na enzi, chuma mbele, manyoya nyuma. Urushe umetanguliza manyoya, utajigeuza wenyewe hewani. Roketi iliyokosa mizani nayo inajigeuza, tena ikiwa na moto mkiani, na haichagui inamwelekea nani.

Kwa hiyo tunabandika uzi hapo kwa tepu, tunatoka uwanjani, na mtoto anaizungusha roketi juu ya kichwa chake kama kombeo. Ndiyo maana nimeukata pima moja na nusu. Ikizunguka imetanguliza pua, iko tayari. Ikienda ubavu, au mkia mbele, hairushwi hata mwenyewe alie. Anarudi kutia udongo wa kuchezea kidogo ndani ya pua, au kukata mapezi makubwa zaidi, na anajaribu tena. Hapa ndipo ninapowapima. Yuko anayeona aibu na kutaka kubadilisha mada kwa kuomba injini kubwa. Namuuliza: ngalawa isiyo na matengo, ukiiongezea tanga, itakwenda mbio au itapinduka? Hajawahi mtoto wa pwani kulikosea swali hilo.

Juu ya injini sitokaa sana. Ni kijibomba cha upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 70, ndani yake baruti iliyoshindiliwa ikawa ngumu kama jiwe, na mdomo wa udongo wa mfinyanzi nyuma. Ubavuni imeandikwa, tuseme, B6-4. Herufi ni jumla ya nguvu yote, na kila herufi ukomo wake ni maradufu ya iliyotangulia: A mwisho wake nyutoni-sekunde 2.5, B 5, C 10. Namba 6 ni msukumo wa wastani, nyutoni 6, karibu uzito wa gramu 600, na unasukuma kitu kisichofika gramu 50. Hiyo 4 ya mwisho ni sekunde za kungoja. Fueli imekwisha, roketi inaendelea kupanda kwa mbio zake huku ikitoa moshi tuione, na sekunde hizo zikitimia mshindo mdogo unapiga kuelekea mbele, pua inatoka, parachuti inafunguka. Seti ya mwanzo tunairusha kwanza na A8-3. Mtoto asiyejua roketi yake inakwenda upande gani hana haja ya kuipeleka mbali.

Injini hizi haziruhusiwi kwenye begi la abiria wa ndege, kwa hiyo tafadhalini, asiwepo atakayempigia simu mjomba aliyeko nje amletee kimyakimya. Zetu zilikuja kwa meli, zimetangazwa, kwa kibali, na zilichukua miezi saba. Zilikuwa 24. Zimefungiwa kwenye kabati la chuma, funguo anazo mwalimu mkuu na mimi.

Miezi hiyo saba hatukukaa bure. Tulirusha chupa za soda. Chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, maji theluthi moja, pampu ya baiskeli kupitia kizibo, mapezi ya kadibodi, na kila mtu amesimama mbali. Maji yanatoka kwa nyuma, chupa inakwenda mbele. Kanuni ya Newton unaiona na unalowa. Mzazi ambaye moyo wake bado mzito juu ya baruti, mtoto wake na abaki kwenye chupa mwaka mzima, sitomlazimisha. Uzi ni ule ule na mizani ni ile ile.

Sasa nikupelekeni Chwaka. Tulichagua kule kwa sababu siku za bamvua maji yakitoka pwani inabaki wazi, hakuna minazi, hakuna nyaya za umeme, hakuna mapaa ya makuti. Roketi ikinasa kwenye waya wa umeme imeshapotea, hakuna kuifuata, hilo ni sharti. Tulimwarifu sheha wa kule, tukapata ruhusa za wanaohusika, na tukangoja tanga mbili, kusi imeshachoka na kaskazi haijashika. Upepo ukipita kilomita 32 kwa saa hairushwi roketi. Mimi nasimamisha mapema kuliko hapo. Nikiona kanga za kina mama zinavutwa kiunoni, tunafunga sanduku na kurudi nyumbani.

Kuna jambo moja la upepo lililowashangaza watoto. Walidhani roketi itasukumwa na upepo kama kishada kilichokatika. Kumbe inapopanda inageuza pua kuuelekea upepo, kwa sababu upepo unayasukuma mapezi. Upepo asubuhi ile ulikuwa unatoka baharini, na roketi zikawa zinapanda zikiinamia bahari. Parachuti ikishafunguka, mambo yanageuka, upepo unairudisha nchi kavu. Ukilijua hilo, fimbo ya kurushia unaiinamisha kidogo kwa hesabu, na roketi inakurudia karibu na miguu.

Fimbo yenyewe ni ya chuma, nyembamba, urefu wa sentimita 90. Kile kijibomba cha ubavuni kinapita juu yake, nayo inaiongoza roketi mpaka ipate mbio za kutosha mapezi yashike hewa. Kuwasha ni kwa umeme, betri nne ndogo, waya wa mita 5, na ufunguo. Hakuna kiberiti.

Roketi ya kwanza ilikuwa ya msichana. Akaingiza ufunguo, taa ikawaka, wote wakahesabu kwa sauti: tano, nne, tatu, mbili, moja. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Nikamwambia atoe ufunguo, na hakuna anayesogea kabla ya dakika moja kutimia. Watoto 19 wakasimama kwenye mchanga wenye maji wakahesabu mpaka 60. Waya wa kuwashia ulikuwa umesogea, haukuigusa baruti. Tukautengeneza, tukarudi nyuma, tukahesabu upya. Safari hii ikatoka fyaa, na kabla hujainua shingo imekuwa nukta. Kulikuwa na moshi mweupe umesimama wima, kisha kimya cha sekunde tatu, kisha "pap" ndogo juu kabisa, na parachuti ikafunguka.

Mwenzake alikuwa amesimama mita 100 kutoka kwenye fimbo, ameshika kipimapembe chenye uzi na jiwe dogo. Akasoma nyuzi 43. Tanjenti ya 43 ni 0.93, mara 100 ni mita 93, ukiongeza urefu wa macho yake inakaribia 94. Watoto ambao tanjenti kwao ilikuwa kitufe kwenye kikokotoo walipiga kelele kama timu imefunga bao. Wazazi, nimefundisha trigonometria miaka mingi na sijawahi kuisikia ikishangiliwa.

Lakini lazima nikwambieni na lile lililoharibika, kwa sababu lilitokana na mimi. Ilikuwa inakaribia saa tano, maji yameanza kurudi, na nikawaharakisha. Kati ya injini na parachuti hutiwa karatasi maalumu zisizoshika moto, vipande vitatu vinne vilivyokunjwakunjwa, kuilinda parachuti na gesi ya moto ya ule mshindo. Roketi ya nne sikuikagua. Mshindo ukapiga, na badala ya parachuti ikatoka donge la plastiki iliyoyeyuka. Ikaanguka kwenye mchanga mgumu, mapezi mawili yakavunjika. Mwenyewe hakulia. Aliiokota, akaipangusa mchanga, akanitazama. Nikamwomba radhi mbele ya wenzake wote, na tangu siku ile kuna karatasi ya ukaguzi, na hakuna anayeshika ufunguo kabla mwenzake hajaitia saini. Mapezi tuliyagandisha upya. Parachuti mpya tuliishona kutoka kwenye kitambaa cha mwavuli mkuukuu, tukatoboa tundu katikati ili ishuke haraka na isipelekwe mbali. Imeshapaa mara mbili baada ya hapo.

Roketi ya mwisho ilichukuliwa na upepo ikapita vichwa vyetu kando, ikatua kwenye mashamba ya mwani. Watoto wakataka kukimbia, nikawazuia, maana kambaa za watu hazikanyagwi. Baadaye akaja mama mmoja, mzigo wake wa mwani begani, maji mpaka magotini, ameibeba roketi kwa viganja viwili kama anayebeba kifaranga. Akaniuliza, "Mwalimu, hiki kimetoka wapi?" Nikamwonyesha juu. Akatazama juu, akakitazama tena. Akasema, "Na hiki kitambaa ndicho kilichokizuia kisife?" Nikamwambia ndicho. Akakaa na sisi mpaka tulipofunga vitu, akiwauliza watoto, nao wakimjibu mmoja mmoja kwa adabu, bila kukimbilia kusema kwa pamoja. Walimweleza mapezi, wakamweleza mizani, wakamfungia uzi akaizungusha mwenyewe.

Tumebakiwa na injini 15. Tutarudi Chwaka Jumamosi ya bamvua ijayo, tunatoka hapa saa moja asubuhi, na mzazi anayetaka kuja na aje, avae viatu vya kulowa na achukue kofia. Kila mtoto aje na karatasi yake ya ruhusa iliyotiwa saini nyumbani.

Sasa naiomba roketi hii ipite mkono kwa mkono, pamoja na uzi wake. Bibi uliyekaa hapo mwanzo, pokea wewe. Usiogope, haina injini, nimetia kipande cha mti chenye uzito kama wake. Shika uzi hapa juu, iachie ining'inie. Inainamisha mkia, si ndiyo? Usogeze uzi nyuma, upana wa kidole. Kidogo tena. Haya, imelala. Tia alama ya penseli hapo, kisha mpe mwenzako.